Upanga uliouzwa: Yamanaka Sadao na sinema ya samurai

Filamu inaanza asubuhi, mvua ya usiku ndiyo kwanza imekatika. Tuko Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo, kwenye uchochoro wa vyumba vya kupanga vilivyoshikana ukuta kwa ukuta. Kuna msiba. Samurai mmoja mzee, mpangaji wa hapo, amejinyonga usiku. Majirani wanasogoa, na linazuka swali ambalo mpenzi yeyote wa filamu za samurai angeuliza: mbona hakufa kisamurai, kwa kujipasua tumbo? Jibu ni kwamba hakuwa na cha kujipasulia. Upanga alikwisha kuuza zamani ili apate kula. Ndani ya ala mlikuwa na kipande cha mwanzi.

Baada ya hapo majirani wanamwendea mwenye nyumba na kumbana atoe pombe ya matanga, kisha usiku wanakunywa na kuimba kana kwamba ni harusi. Marehemu hamlilii mtu.

Filamu hiyo ni Ninjō kami fūsen, maana yake kama "Utu na maputo ya karatasi". Ilitoka Agosti 1937. Mwongozaji wake, Yamanaka Sadao, alikuwa na umri wa miaka 27. (Jina la ukoo ni Yamanaka; Wajapani hulitanguliza, nami nitafuata desturi yao.) Mwaka mmoja na siku chache baadaye alikuwa maiti katika hospitali ya jeshi nchini China. Alikuwa ameongoza filamu zipatazo 26, ukihesabu na alizoshirikiana na wenzake, na zote alizitengeneza ndani ya miaka isiyozidi sita. Leo zimebaki 3, ukiacha vipande vifupi vya hapa na pale.

Hapo ndipo penye utata. Mtu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake hakuna aliye hai anayeweza kuiona anatajwaje kila mara wakitajwa vigogo wa sinema ya Japani? Na kama filamu za kale za Japani zilikuwa filamu za mapanga, ilikuwaje huyu akafungua filamu yake kwa upanga uliogeuka mchele? Njia nyepesi ya kulifungua fundo hili ni kuufuata huo upanga wenyewe, ulikotoka hadi ulipouzwa.

Wajapani wana neno jidaigeki. Ni hadithi yoyote inayotokea kabla ya mwaka 1868, ule mwaka ambao utawala wa mashogun, wakuu wa kijeshi walioitawala nchi, ulianguka na nchi ikaanza kujijenga upya kwa mtindo wa Ulaya. Kwa hiyo jidaigeki si lazima iwe ya samurai. Inaweza kuwa ya kinyozi, ya kahaba, ya mwizi, ya mtoto yatima. Mwenzake ni gendaigeki, hadithi ya siku hizi, ya watu wanaopanda treni na kuvaa suti. Mgawanyo huo ulikuwa hata wa kijiografia. Tetemeko la Septemba 1, 1923 lilipoiangusha Tokyo, kazi nyingi za filamu zilihamia Kyoto, na studio za Tokyo ziliposimama tena, Kyoto ilibaki na mambo ya kale na Tokyo ikashika mambo ya kisasa. Kyoto ilikuwa na sababu zake. Mahekalu yapo, kuta za zamani zipo, mito na madaraja yapo. Mpiga picha alihitaji tu kuhakikisha nguzo ya umeme haiingii kwenye picha.

Aliyeianzisha kazi hiyo mjini humo ni Makino Shōzō, mwenye ukumbi wa michezo ya jukwaani, aliyeanza kutengeneza filamu mwaka 1908. Muda si mrefu akampata mwigizaji wa jukwaani aitwaye Onoe Matsunosuke, na wawili hao wakatoa filamu kwa mamia. Zilikuwa kabuki, yaani mchezo wa jadi wa jukwaani wa Japani, iliyopigwa picha: kamera imesimama kama mtazamaji aliyenunua tiketi, wanaume wanaigiza wanawake, mapigano ni ngoma zaidi kuliko vita. Ukumbini filamu hizo hazikuwa kimya, kwa sababu pembeni ya kitambaa alisimama benshi, mtu wa kusimulia kinachoendelea na kuwasemea wahusika wote kwa sauti mbalimbali. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye banda la video akamsikiliza mtafsiri wetu akimtia maneno mdomoni jambazi wa Hong Kong hahitaji maelezo zaidi. Baadhi ya mabenshi walipata umaarufu kuliko waigizaji.

Miaka ya 1920 upanga ukabadilika. Kizazi kipya kilitaka kasi na hasira. Mwaka 1925 ilitoka Orochi ya Futagawa Buntarō, ambamo samurai mnyofu, aliyechezwa na Bandō Tsumasaburō, anasukumwa na dhuluma hadi anaishia kuzingirwa na kundi zima la askari. Kisha akaja Itō Daisuke, ambaye kamera yake haikutulia. Inakimbia na mkimbizi, inayumba, inapaa. Watu walimtania kwa kuligeuza jina lake kuwa idō daisuki, "mpenda kuhamahama". Mashujaa wa Itō, hasa walipochezwa na Ōkōchi Denjirō, ni waasi waliosalitiwa na mabwana zao, na upanga wao ndio kilio chao cha mwisho. Vijana wa mijini waliokuwa na manung'uniko yao juu ya serikali walielewa vizuri nani anapigwa.

Ikumbukwe kwamba kusema wazi kulikuwa na gharama. Tangu 1925 palikuwa na sheria ya kulinda amani iliyowapeleka jela watu wa mrengo wa kushoto, na kila filamu ilipita mikononi mwa wakaguzi wa wizara ya mambo ya ndani. Hadithi ya miaka 200 iliyopita ilikuwa kanzu nzuri ya kufichia mambo ya leo. Waswahili hatuhitaji kufundishwa kazi ya fumbo. Lakini fumbo likiimbwa sana huchujuka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 ghadhabu ya Itō na wenzake ilikuwa imeanza kuwa mazoea: shujaa anaonewa, shujaa anachomoa, shujaa anafyeka ishirini, shujaa anaanguka. Ndipo Yamanaka alipoingia.

Alizaliwa Kyoto mwezi Novemba 1909 na akasoma shule ya biashara hapo hapo mjini. Mmoja wa waliomtangulia shuleni alikuwa Makino Masahiro, mtoto wa yule Makino Shōzō, na mlango ukafunguka kupitia huko. Mwaka 1927, akiwa bado kijana wa miaka 17, aliingia studio ya akina Makino kama msaidizi. Mwaka uliofuata alihamia kampuni ndogo ya mwigizaji Arashi Kanjūrō, na huko ndiko alikojulikana, si kwa kuongoza bali kwa kuandika miswada. Aliandika haraka na kwa wingi. Nadhani hili lina uzito kuliko linavyopewa na wanaomsimulia. Mwongozaji aliyeanza kwa kupiga picha hufikiri kwa picha; huyu aliyeanza kwa kuandika hadithi za kulishia studio yenye njaa alijifunza mapema kipi kinaweza kuachwa bila kuonyeshwa.

Mwaka 1932 akapewa filamu yake ya kwanza, hadithi ya mcheza kamari mzururaji aitwaye Iso no Genta, Kanjūrō akiwa ndiye nyota. Kwa kawaida filamu ya kampuni ndogo, tena ya mwongozaji asiyejulikana, haikuwashughulisha wahakiki wa Tokyo. Mhakiki Kishi Matsuo aliiona, akashtuka, na akaandika kuisifu. Ndani ya muda mfupi kila mtu alitaka kujua huyu Yamanaka ni nani. Mwaka 1933 alichukuliwa na Nikkatsu, kampuni kubwa, na akaanza kuwaongoza manyota wakubwa, Ōkōchi Denjirō akiwa mmojawapo. Kati ya 1934 na 1935 alivuka kutoka filamu za kimya kwenda filamu za sauti, na inavyoonekana kwa urahisi, labda kwa sababu maneno yalikuwa kazi yake tangu mwanzo.

Wakati huo palikuwa na kijiji pembeni mwa Kyoto, karibu na studio, kiitwacho Narutaki. Waandishi na waongozaji vijana waliishi humo jirani kwa jirani, wakinywa pamoja, wakibishana hadi usiku. Wanane kati yao, Yamanaka akiwamo pamoja na Inagaki Hiroshi na Takizawa Eisuke, walianza kuandika miswada kwa pamoja na kuitia saini kwa jina moja la kubuni: Kajiwara Kinpachi. Hachi, ambayo ndani ya jina hilo inatamkwa pachi, ni nane. Walifanya kazi katika kampuni tofauti zilizokuwa zikishindana, lakini Bwana Kajiwara aliwaandikia wote.

Kundi hilo la Narutaki ndilo lililoibadilisha jidaigeki. Wenyewe na wahakiki walikuwa na msemo kuhusu walichokuwa wakifanya: hadithi za siku hizi zilizovaa vishungi. Kishungi ni ule msokoto wa nywele utosini ambao wanaume wa Edo walikuwa nao. Maana yake, mhusika anavaa kimono na kubeba panga mbili lakini anasema kama mtu uliyekutana naye leo asubuhi kwenye basi. Katika jidaigeki ya zamani watu walinguruma lugha ya jukwaani, ya kishairi na ya kizamani. Kwa akina Yamanaka mume anamnung'unikia mke, jirani anakopa na halipi, mtoto anadeka. Hili linaonekana jambo dogo, kumbe ndilo lililogeuza kila kitu. Mtu anayeongea kama wewe huwezi kumstaajabia kwa mbali. Utaanza kumuuliza kodi ya nyumba analipaje. Na samurai asiye na bwana, ukishamuuliza swali la kodi, ataishia kuuza upanga.

Filamu ya zamani zaidi kati ya hizo 3 ni ya 1935, Tange Sazen yowa: Hyakuman ryō no tsubo, yaani kisa cha pembeni cha Tange Sazen na mtungi wa ryō milioni moja. Ryō ilikuwa sarafu ya dhahabu, na milioni moja ni utajiri wa kuota. Tange Sazen alikuwa mhusika maarufu kupita kiasi: jicho moja, mkono mmoja, kovu usoni, muuaji wa kutisha aliyezaliwa katika riwaya ya gazetini ya Hayashi Fubō na kupata umbo la filamu kwa Itō Daisuke, Ōkōchi akimwigiza. Itō alipoondoka Nikkatsu, mzigo ukaangukia kwa Yamanaka, na yeye akamfanyia Sazen kitu ambacho kilimkera mwandishi wa riwaya: akamfanya mtu wa nyumbani.

Sazen wa Yamanaka ni mlinzi mvivu katika kibanda cha mchezo wa kulenga mishale, anayelishwa na mwanamke mwenye kibanda, Ogin. Wawili hao hugombana kutwa kama wanandoa wa miaka 20. Mtoto yatima anaingia maishani mwao, mkononi ana mtungi mchafu anaofugia samaki wake. Hajui, nao hawajui, kwamba ndani ya mtungi imefichwa ramani ya hazina. Bwana mmoja mkubwa alimpa mdogo wake mtungi huo kwa kuudharau, mke wa mdogo mtu akawauzia wanunuzi wa makorokoro kwa vijisenti, nao wakampa mtoto. Sasa mji mzima unautafuta.

Mbinu ya Yamanaka ya kuchekesha ni ya mtu anayejua kuandika. Ogin anaapa kwamba mtoto huyu hatalala chini ya dari yake, hatakula chakula chake, basi. Picha inakatika. Mtoto anakula, Ogin anampakulia. Sazen anasema hatamsindikiza mtu, hata abembelezwe vipi. Picha inakatika. Sazen yuko njiani, anasindikiza. Yamanaka hatuonyeshi kamwe wakati mtu anapobadili nia, maana huko kulegea moyo ni jambo la aibu ambalo kila mmoja hulifanya kwa siri. Tunaona neno, kisha tunaona tendo, na pengo la katikati tunalijaza wenyewe kwa kucheka.

Upanga nao? Kuna tukio ambapo Sazen, akiwa na deni la kulipa, anakwenda kutoa changamoto kwenye shule ya upanga. Mkuu wa shule ni yule mdogo wa bwana mkubwa, mtu ambaye kazi ya kuutafuta mtungi imempa kisingizio cha kutoka nyumbani kila siku na kwenda kuzembea kwa Ogin, kwa hiyo hana haraka ya kuupata. Upanga hajui. Wanapambana mbele ya wanafunzi na mke wake, na katikati ya pambano, vichwa vikiwa karibu, wananong'ona bei. Unataka ngapi ili ushindwe? Muuaji aliyekuwa akiitetemesha nchi nzima anauza mechi.

Yeyote anayetaka kuanza na Yamanaka aanze na hii. Wengi humwelekeza mtu moja kwa moja kwenye filamu ya mwisho kwa sababu ndiyo nzito, na mimi naona wanakosea: huzuni ya ile ya mwisho hukolea zaidi kwa mtu ambaye amekwisha kumwona Yamanaka akicheka.

Mwaka huo huo wa 1935 alitengeneza pia hadithi ya mfungwa aliyetoka kifungoni akiwa amechanjwa alama mkononi, kama ilivyokuwa adhabu ya Edo, na jinsi alama hiyo inavyomfuata. Jarida la Kinema Junpō liliiweka nafasi ya pili katika orodha yake ya filamu bora za mwaka. Mswada upo. Filamu haipo. Wachezaji wake walikuwa Zenshin-za, na hawa inafaa tuwasimamie kidogo, kwa kuwa filamu zote mbili zinazofuata ni zao pia. Kabuki ni ulimwengu wa ukoo: jina hurithiwa, na asiye na jina hubaki kubeba mikuki nyuma. Mwaka 1931 waigizaji vijana wakiongozwa na Kawarazaki Chōjūrō na Nakamura Kan'emon waliuasi mfumo huo na kuunda kundi la ushirika. Walikuwa na ufundi wote wa kabuki bila kiburi chake, na kwa kuwa walikuwa wakifanya kazi pamoja mwaka mzima, walimpa Yamanaka kitu ambacho nyota mmoja hawezi kukitoa: mtaa mzima wa watu wanaofahamiana.

Kōchiyama Sōshun ya 1936 imetokana na mchezo wa kabuki wa Kawatake Mokuami. Kwenye jukwaa Kōchiyama ni tapeli mwenye mbwembwe. Kwa Yamanaka ni mzembe wa makamo anayeendesha kijumba cha kamari, na rafiki yake ni mlinzi wa kukodiwa anayekusanya ushuru wa genge sokoni bila kuupenda. Wote wawili wana udhaifu kwa binti anayeuza kinywaji kitamu cha mchele, Onami, na wote wanajua hawana hadhi ya kumwambia. Mdogo wake Onami ni mkorofi. Anaiba kisu kidogo cha samurai, na kutoka hapo mambo yanazidi kuharibika hadi Onami anafikia kuuza mwili wake kulipa deni la mdogo wake. Wale wazembe wawili wanaamua kufa ili asiuzwe. Mapigano yapo, na ni ya kukumbukwa, lakini hayapo uwanjani penye nafasi ya kutamba. Yako ndani ya vichochoro na mfereji mwembamba ambamo mtu hawezi hata kunyoosha mkono, watu wakisukumana kama panya.

Onami aliigizwa na msichana wa miaka 15 aitwaye Hara Setsuko. Mwongozaji wa Kijerumani Arnold Fanck, aliyekuja Japani kutafuta mchezaji, alimwona akiwa kazini kwenye filamu hii na akamchukua. Baadaye Hara akawa uso unaopendwa kuliko wote katika filamu za mwongozaji Ozu Yasujirō.

Mwaka 1937 Yamanaka alihamia Tokyo, kampuni ya P.C.L., ambayo mwaka huo huo iliingizwa katika Tōhō. Akaja na Zenshin-za, akachukua tena mchezo wa Mokuami, ule wa kinyozi Shinza anayemteka binti wa mfanyabiashara. Mswada uliandikwa na Mimura Shintarō, mwenzake wa Narutaki. Kamera ilishikwa na Mimura Akira, aliyejifunza kazi Hollywood. Kinyozi wa kabuki anapendeza kwa ujambazi wake. Yamanaka alimhamishia kwenye uchochoro wa vyumba vya kupanga, na chumba cha pili akamweka samurai asiye na bwana, Unno Matajūrō, na mke wake Otaki anayebandika maputo ya karatasi, vitu vya kuchezea watoto, ili wapate kula.

Matajūrō ana barua ya marehemu baba yake kwa mheshimiwa Mōri, ambaye zamani baba alimsaidia kupanda cheo. Kila siku anamvizia getini. Kila siku Mōri ana udhuru: leo ana safari, njoo kesho, mvua inanyesha. Anayejua maana ya "njoo kesho" kwenye mlango wa mkubwa ataumia kuitazama sehemu hii. Matajūrō hakasiriki. Anainama, anatabasamu, anarudi nyumbani na kumwambia mke mambo yanakwenda vizuri. Sifahamu filamu ya enzi hiyo inayoonyesha kwa makini kiasi hiki namna unyenyekevu unavyommaliza mtu.

Shinza naye anamteka binti usiku wa mvua, si kwa fedha hasa bali kwa kuwa watu wa genge wamemdhalilisha naye anataka walau mara moja wao ndio waje kumwomba. Matajūrō, kwa mara ya kwanza, anafanya kitu: anakubali binti afichwe chumbani kwake. Mwenye nyumba anakwenda kujadili fidia na kuchukua kipande chake. Usiku huo uchochoro mzima unakunywa kama ule usiku wa matanga. Kisha genge linamwita Shinza darajani. Tunamwona anasimama, upanga unachomolewa, picha inakatika. Yamanaka hatuonyeshi Shinza akifa. Otaki amerudi, amesikia majirani wakimsema mume wake, na ndani ya nguo za mume amekuta ile barua ya kwenda kwa Mōri, haijawahi kupokelewa. Matajūrō amelala, amelewa. Otaki anachukua kisu. Asubuhi majirani wamejazana mlangoni tena, na puto moja la karatasi linabingirika na kuangukia mtaroni, linachukuliwa na maji.

Katika filamu zote 3 kuna kitu kidogo kinachopita mkono kwa mkono na thamani yake inabadilika kadiri kinavyohama: mtungi wa hazina ambao kwa mtoto ni nyumba ya samaki, kisu cha heshima ambacho kwa mwizi ni bidhaa, barua ambayo kwa mwana ni tumaini na kwa Mōri ni usumbufu. Upanga wa samurai nao ni kitu cha namna hiyo tu. Makino aliucheza ngoma, Itō aliufanya kilio, Yamanaka aliupeleka sokoni akauliza bei. Wakati huo huo, nje ya ukumbi wa sinema, serikali ilikuwa ikiusafisha uwe tena roho ya taifa. Vita na China vilikuwa vimeripuka Julai 1937. Filamu ilitoka Agosti 25, na ilipokuwa ikitoka Yamanaka aliletewa karatasi nyekundu, hati ya kuitwa jeshini.

Nisingependa kumvisha joho la mpinzani wa vita. Hakuna filamu yake iliyobaki inayotaja vita, naye alikwenda kama walivyokwenda wengine. Lakini ukiziweka filamu hizo kando ya kinachohubiriwa mwaka huo, kwamba kufa kwa upanga ni heshima, unaona kwamba mahubiri na uchochoro ule hayakai nyumba moja.

Huko China, Januari 1938, alikutana kwa muda mfupi na Ozu, rafiki yake, ambaye naye alikuwa koplo vitani. Mwezi Aprili aliandika katika daftari lake maneno kama ya wosia. Alisema kwamba ikiwa filamu ya maputo ndiyo itakayokuwa kazi yake ya mwisho, basi itakuwa ni huzuni kidogo, na akaongeza kuwa hasemi hivyo kwa kujitetea. Kwa marafiki na wakubwa wake katika kazi aliacha ombi moja, kwamba watengeneze filamu nzuri. Septemba 17, 1938 alifariki kwa ugonjwa wa tumbo mjini Kaifeng. Hajatimiza miaka 29. Wenzake wa Narutaki walichukua wazo aliloliacha, wakalitengeneza mwaka 1939 kwa jina Sono zen'ya, "Usiku wa kuamkia", Hagiwara Ryō akiongoza. Mpwa wake, Katō Tai, naye alikuja kuwa mwongozaji wa filamu za kale na akaandika kitabu kuhusu mjomba wake.

Na filamu zenyewe ziliendaje kupotea? Hakuna mhalifu mmoja. Filamu za wakati huo zilikuwa za naitreti, kitu kinachooza na kushika moto upesi. Kampuni hazikuona sababu ya kutunza kilichokwisha kuonyeshwa. Nakala zilizungushwa miji na vijiji hadi zikachakaa, nyingine zikakatwa vipande na kuuzwa kwa watoto wenye mashine ndogo za kuonyeshea nyumbani. Ilipokuja sauti, za kimya zikawa takataka. Mabomu ya vita yalichoma maghala. Kisha Marekani ikaikalia Japani, na Novemba 1945 ofisi yake ya habari na elimu ikatoa orodha ya filamu 236 zilizohukumiwa kuwa za kikabaila au za kijeshi. Filamu za mapanga zilitiliwa shaka kwa ujumla, kwamba zinafundisha kisasi na utiifu wa upofu, na hadi uvamizi ulipomalizika mwaka 1952 kuzitengeneza na kuzionyesha kulikuwa na masharti.

Zile 3 zilipona zaidi kwa bahati kuliko kwa uteuzi wa mtu. Hii ndiyo maana sifa ya Yamanaka inasimama juu ya miguu miwili isiyolingana: kile tunachoweza kukiona wenyewe, na kile ambacho waliomshuhudia, wahakiki na waongozaji wenzake, walikiandika wakiwa bado na picha machoni. Miswada yake mingi ipo na inasomwa. Msomaji anaweza kuicheka mizaha yake leo hii, ila hawezi kujua kamera ilisimama wapi.

Hata mtungi wa ryō milioni moja haukupona mzima. Nakala inayoonyeshwa leo inatokana na toleo lililotolewa upya baada ya vita, na humo pambano moja la upanga la Sazen limeondolewa ili kuwaridhisha wakaguzi wa wakati wa uvamizi. Sazen huyo ndiye yule ambaye, katika tukio lililobaki, kabla ya kumkata aliyemuua baba wa yatima anamwambia mtoto afumbe macho na kuhesabu hadi kumi. Miaka mingi baadaye kilipatikana kipande kidogo cha lile pambano lililokatwa, sekunde chache tu, na siku hizi huambatanishwa kwenye baadhi ya diski za filamu hiyo. Mkono mmoja unainua upanga, watu wanarudi nyuma. Sauti yake haikupatikana.